Kwa Nini Cucu Haji Kwenye Simu

Mountain View,
Nairobi.
Jumamosi, 24 Machi 2007

Mpendwa Kaka Kuria,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Winnipeg? Kifua chako je, na hiyo baridi? Mama yako, Anti Becky, alirudi akituambia umekonda, lakini wewe mwenyewe unajua kwamba machoni pake hata mtu mnene amekonda. Sisi tu wazima. Mama yangu anasumbuliwa na magoti tu akipanda ngazi za kanisa. Mimi bado niko pale mapokezi, ofisi ya bima, Westlands, nikiwaambia watu wakae wangoje. Mvua haijaanza vizuri, ila mawingu yapo.

Naona nimekuuliza maswali yale yale ninayokuuliza kila barua. Nivumilie, utajua baadaye kwa nini jambo hilo limeniuma leo.

Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu nyumba nzima inasikia, na baruapepe ningeiandikia kazini huku watu wakinichungulia begani. Ulipopiga simu mara ya mwisho uliniuliza mambo mawili. Uliuliza gemu jipya ulilonitumia likoje, nikasema ni tamu sana. Ukauliza kwa nini nyanya yetu, Cucu, siku hizi haji kwenye simu, nikasema amelala. Nilikudanganya mara zote mbili. Hilo la Cucu ni kosa langu mimi. Hajakukasirikia kwa kutokuja Krismasi kama unavyodhani.

Nianze na gemu, kwa kuwa ndilo rahisi. Usiudhike. Najua ulilitafuta, na mama yako akalibeba ndani ya soksi zake za sufu kama kitu cha kuvunjika. Tobias, yule kijana anayeshughulikia kompyuta za ofisi yetu, alikuja nyumbani akaifungua mashine yako ya zamani, akaitia kadi mpya ya picha ili iweze kulibeba. Tulikuwa tumelingoja gemu hili tangu ulipokuwa hapa. Siku ya kuliwasha nilivaa blauzi yangu ya kanisani, nakuapia, nikakaa mbele ya skrini kama mtu anayengoja mgeni uwanja wa ndege.

Picha ni nzuri, siwezi kusema vingine. Majani yanatikisika, na mito inang'aa mpaka unaona kiu. Lakini walichokifanya ndani yake, Kaka! Kumbuka lile la kwanza. Ulikuwa mgeni mnyonge na kisu chako chenye kutu, na ukikosea ukaingia pango lisilo lako, umekwisha. Ndiyo maana siku tulipolishinda lile zimwi la darajani tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Katika hili jipya, wewe ukipata nguvu, maadui wote wanapata nguvu kiasi hicho hicho. Juzi nimesimamishwa na mwizi wa barabarani, ananidai sarafu mbili, naye amevaa dhahabu kuanzia kofia hadi viatu. Si angeuza hiyo kofia akapumzika! Nimepigana wiki nzima na sijaona tofauti yoyote kati ya mimi wa siku ya kwanza na wa leo.

Halafu kuna mshale. Juu ya skrini kuna mshale mwekundu unaokuonyesha kila unakokwenda. Zamani tulielekezwa kwa maneno, kama mtu anavyoelekezwa nyumba huko Riruta: fuata mto, ukifika kwenye mnara uliobomoka shika kulia, ukiona mti mkavu ujue umepita. Sisi tulikuwa tunasahau. Aliyekuwa akikumbuka ni Cucu. Unamwona bado, amekaa nyuma yetu akimenya minji? Kiingereza cha kwenye skrini hakukijua, tulimtafsiria, lakini tukipotea yeye ndiye aliyesema, "Hapo mlishapita. Yule mzee wa punda si alisema mkono wa kulia?" Na kweli mzee alikuwa amesema hivyo.

Siku nilipoliwasha hili jipya, Cucu alileta kiti chake akakaa nyuma yangu kama zamani. Baada ya muda akauliza tunaenda wapi. Nikamjibu bila kugeuka, "Cucu, siku hizi inajionyesha yenyewe." Akakaa kidogo, kisha akarudisha kiti jikoni. Wakati ule sikuona kitu. Nilikuwa naufuata mshale.

Lakini lililoniudhi zaidi ni watu wake. Wako wengi, wamejaa masokoni, ila sauti zao zote ni mbili au tatu, hata mfalme na ombaomba wanasema kwa koo moja. Ukimsalimu mwoka mikate anasema, "Upepo wa leo unatoka milimani." Ukimuuliza habari za vita, upepo wa leo unatoka milimani. Nyumba inateketea nyuma yake, na upepo bado unatoka milimani. Mimi na Tobias tuliugeuza kuwa mzaha wa ofisini. Mteja akiuliza tena jambo aliloshajibiwa, tunatazamana, mmoja anataja upepo, na mimi najificha chini ya meza nikicheka.

Sasa sikia lile la pili.

Cucu amebadilika tangu uondoke, na nadhani mama yako hakukuambia yote. Anasahau. Nilikuwa nikirudi jioni ananiuliza kama nimekula, kama mvua imenyesha huko mjini, na Kuria atakuja lini. Namjibu. Tukikaa kidogo ananiuliza tena, kwa mpangilio ule ule na furaha ile ile. Mengine mengi yameondoka, haya matatu amebaki nayo.

Jumapili moja mwezi uliopita, baada ya ibada, kina mama wa kikundi cha kanisa walikuja kwetu kunywa chai. Tobias naye alikuwepo, amekuja kuniangalizia kompyuta iliyokuwa ikijizima. Cucu akamuuliza, "Umekula, kijana?" Tobias akajibu. Akamuuliza tena, akajibu tena. Mara ya tatu Tobias, na huyo kwao wamemfunza adabu, aliweka kikombe chini kwanza, akasema, "Nimekula, Cucu. Nimeshiba kabisa, asante sana."

Nami, mjukuu aliyelelewa mgongoni pake, nikacheka. Nikasema kwa sauti mbele ya wageni wote, "Wacha tu, Tobi. Cucu amekuwa kama wale watu wa gemu. Ukimgusa anatoa tu ile kitu moja."

Kina mama wakacheka, ingawa hata hawajui gemu ni nini. Mama akacheka akijifunika mdomo. Tobias aliangalia viatu vyake. Cucu akatutazama mmoja mmoja, akitabasamu kama mtu anayetaka kuambiwa na yeye acheke. Akauliza, "Mnacheka nini?" Akanitazama mimi. Lile tabasamu likaondoka, Kuria, nikaona kwamba ameelewa.

Nilijiambia atasahau. Naona haya hata kuliandika neno hilo. Nilijiambia, si anasahau kila kitu, kesho hatakuwa na habari. Lakini tangu siku ile nikirudi kazini haniulizi chochote. Anafungua mdomo, ananitazama, anaufunga. Ulipopiga, Mama alimpelekea simu chumbani, Cucu akaisukuma mbali. Alisema, "Nitamrudia maneno. Simu ni ghali, mtoto atanichoka." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, ndipo nikaichukua nikakuambia amelala.

Nimemwomba msamaha. Nilipiga magoti kando ya kitanda chake nikamwambia, "Cucu, nisamehe, nilikukosea." Akaniuliza kwa upole, "Ulinikosea nini?" Maneno niliyoyatoa mbele ya wageni bila kufikiri, sikuweza kuyatoa mbele yake tuko wawili. Nadhani tukio lenyewe limemtoka, amebaki na aibu tu, hajui hata nani alimpa.

Na kazini, wiki hiyo, nikaanza kujisikia mwenyewe ninavyosema. "Karibu. Kaa hapo, utaitwa." Asubuhi mpaka jioni, sauti moja, maneno hayo hayo, na sijawahi kuona mteja akinicheka.

Nikatoa kile kiti jikoni nikakipeleka chumbani kwake. Nikikaa namuuliza, "Cucu, umekula?" Anaitikia kwa kichwa. "Mvua imenyesha huku?" Anamenya minji. "Kuria atakuja lini?" Anachukua ganda jingine. Tunakaa kidogo, nauliza tena yote matatu. Nimefanya hivyo kila jioni, mpaka Mama akaanza kuniangalia vibaya. Alhamisi iliyopita nilipouliza kwa mara ya pili kama amekula, Cucu aliweka minji chini akanishika kidevu.

"Mwihaki, si umeniuliza sasa hivi?"

Nikasema, "Nimesahau, Cucu."

Nilidanganya tena, najua. Lakini ungeona alivyonitazama, kama alivyotutazama tulipokuwa na surua. Akasema, "Hakuna neno. Nimekula. Nimekula ugali na sukuma." Baadaye nikamuuliza tena, akanijibu tena, na hakuiruka hata ile sukuma. Hakucheka, hakuvuta pumzi kama mtu aliyechoshwa. Nilijificha bafuni nikalia. Hapo ndipo nilipoona haya kabisa, kuliko hata Jumapili ile ya wageni.

Nilipotoka nikamuuliza, "Na Kuria atakuja lini?" Akafikiri sana. Akasema, "Mimi sijui. Akipiga simu nitamuuliza."

Umesikia, Kaka? Amesema atakuuliza. Barua hii ikikufikia kabla ya Pasaka, piga simu Jumapili hiyo, sisi tukitoka kanisani. Atakuuliza utakuja lini, na ukishajibu atakuuliza tena. Tafadhali usimwambie ameshauliza. Mjibu kama mtu aliyeulizwa sasa hivi, na ukiwa hujui siku, mwambie hujui, lakini mwambie kila mara.

Gemu lako limo humu nyumbani, sijalitupa, na asante kwa kunikumbuka. Ila jana nimelirudisha lile la kwanza. Cucu alikaa nyuma yangu. Tulipofika kwenye mnara nikamuuliza ni mkono gani, akasema kushoto, na haikuwa kushoto. Tumepotea mpaka saa ya chakula, naye alifurahi.

Mama anakusalimu. Mama yako alipita hapa akitoka Riruta na anasema uvae kofia. Tobias pia anakusalimu ingawa hamjuani, ni mtu mzuri kuliko mimi. Mungu akulinde huko uliko na akulete nyumbani mapema, wakati bado kuna anayekungoja kwa jina.

Cucu ameingia sasa hivi ameketi kando yangu. Ameniuliza namwandikia nani. Nimemwambia ni Kuria. Ameuliza tena. Nimemwambia ni Kuria.

Dada yako akupendaye, na mwenye haya,

Mwihaki