Namba Zimetokea Nje

Celina shoga, nacheka peke yangu hapa Kariakoo, watu wananishangaa!!

Lile blanketi la viraka la mjukuu wa bibi Ranjanben. Si unajua viraka vimechapwa mistari ya kushonea na namba, ili nijue kipi kinafuata? Upande wa NYUMA!

Nimevigeuza. Vyote! Namba zinasomeka hadi Posta 😭 Na wewe ndo ulikuwa unanipigia stori kwenye simu!

Nimeshtuka bibi ameshalikunjua. "Candida, namba hizi za nini?"

Kabla sijajibu, akamwita mkwewe: "Njoo uone! Mtoto atajifunza kuhesabu!"

Kuhesabu, Celina!! Na kunikumbatia juu!

Anataka la pili. Akanionya: "Hivi hivi. Usije ukakosea!"

NISIKOSEE 😂😂