Waache Wakae, Mama

Beni, Mulekera, juma la kwanza la Kwaresima

Mama yangu mpenzi,

Dada Masika akikusomea barua hii, naomba uwe umeketi karibu na moto, miguu imefunikwa, maana najua baridi ya Luofu mvua zinapoanza. Kifua chako kimetulia? Goti la kushoto linakubali kupanda mpaka kanisani? Siye huku tuko wazima. Homa ilimwacha Kavugho mke wangu, na batoto wanakula. Mimi nafyatua matofali. Mikono ya mwalimu imekuwa mikono ya udongo, mais hata hivyo Mungu anatulinda.

Mama, Kwaresima ya huku si kama ya kwetu. Joto la Beni linamchosha mutu kabla hajafunga. Njia ya Msalaba tunaifanya ndani ya kanisa, tukizunguka kuta, kwa sababu maaskari hawapendi kuona watu wengi wakitembea pamoja barabarani. Nikipiga magoti nakumbuka mlima wetu: ukungu, matope, Baba bado hai, amebeba msalaba wa mukaratusi, na wewe nyuma yake ukiimba Kinande chetu kwa sauti ya chini. Nakumbuka Baba alivyoacha kasikisi, pombe yetu ya ndizi, siku zote arobaini, uso ukawa mkali mpaka tukawa tunamkimbia. Nawe kila ulipopika ulitoa konzi moja ya maharagwe ukaiweka katika kikapo cha maskini. Hata mwaka ule sisi wenyewe tulipokosa, hukukigusa. Nililia kwa njaa, nikasema moyoni kwamba mama yangu ni mutu mgumu.

Sasa nikuambie sababu ya kuandika. Jumatatu alifika hapa Mama Kyakimwa, jirani yetu wa huko Luofu anayeuza maharagwe. Alikuwa amepita Kanyabayonga na Butembo, siku sita njiani, bariere za maaskari kila mahali. Tulimpa bugali na sombe ya majani ya muhogo. Alikula polepole bila kunitazama. Nikamwuliza:

"Nyumba yangu iko?"

"Iko."

"Na mabati?"

"Mabati iko. Na batu iko ndani."

Ndipo aliponieleza. Ni jamaa iliyokimbia vita kutoka ng'ambo ya bonde: mume, mke, bibi mmoja mzee na watoto wanne. Ubao wangu wa katekisimu wameufanya mlango wa jikoni. Na aliyewafungulia nyumba ni wewe.

"Mama yako alisema, hapana kumwambia Paluku, roho itamuuma," akasema. "Mais mi siwezi kudanganya mutu mwenye ananipa chakula."

Nilitoka nje. Mama, sitakuficha: nilikukasirikia sana. Ile nyumba niliijenga na Baba, yeye akikata miti, mimi nikikanda udongo. Kwa miaka hii miwili tangu tukimbie, nikilala kwa watu, ndiyo niliyoingia kila nilipofumba macho. Najua ni ubao gani wa kitanda unaolia. Watu walipoomba niimbe katika kwaya au nifundishe wakatekumeni, nilijibu, "Mimi ni mupita njia." Hata Mama Mbambu, mjane Mprotestanti aliyetupa vyumba viwili katika uwanja wake bila kuomba kitu, alinionyesha kipande cha shamba nyuma ya nyumba, akasema nilime. Nilikataa. Kulima hapa niliona ni sawa na kusema sitarudi tena.

Kavugho alinisikiliza huku akichagua maharagwe.

"Mama amekosa nini?" akauliza.

"Hakuniuliza."

"Na siye, tunalalaka mu nyumba ya nani?"

Siku mbili tuliongea habari za chumvi na kuni tu.

Jumatano shirika letu la sala la mtaa huu lilikutana uwanjani kwetu kutafakari Injili ya Jumapili inayokuja. Zamu ya kuongoza ilikuwa yangu. Hiyo moja nilishindwa kuikataa, maana wenzangu wote walikuwa wamekwisha kufanya zamu zao. Ilikuwa Injili ya Yesu kugeuka sura mlimani. Unaijua: uso wake unang'aa, Musa na Eliya wanatokea, na Petro anasema ni vizuri tukae hapa, tujenge vibanda. Nilisoma, kisha nikaanza kusema juu ya mlima wangu mimi. Nikasema mutu ana haki ya kushikamana na mahali alipomwona Mungu. Nikasema Petro hakukosea, ni shida za dunia zinazotushusha kwa nguvu. Watu wakasogea karibu. Wengi wao wamekimbia kama sisi, na mwanamke mmoja alijifuta machozi. Nikajiona ninasema vizuri.

Mama Mbambu alikuwa ameketi mlangoni kwake, anamenya mihogo. Si wa shirika letu, mais anatusikilizaka.

"Baba Katekista," akasema, "Petro alitaka kujenga vibanda ngapi?"

"Vitatu, Mama."

"Ya nani na nani?"

"Kimoja cha Yesu, kimoja cha Musa, kimoja cha Eliya."

"Na yeye Petro, atalala wapi?"

Nilirudi kutazama kitabu. Maneno yale nimeyasoma tangu ujana, wala sikuwahi kuhesabu.

"Haikuandikwa," nikasema.

"Donc basi hakujihesabu." Akachukua muhogo mwingine. "Njo maana mi namupenda."

Nilifunga kitabu, Mama. Niliwaambia habari ya nyumba yangu na hasira yangu kwako. Hakuna aliyenihubiria. Tulisimama tukasali Baba Yetu. Sisi tulipomaliza, Mama Mbambu aliendelea peke yake na yale maneno ya mwisho ya Waprotestanti, ya ufalme na nguvu na utukufu, nasi tukamngoja.

Jana asubuhi nilimwomba jembe. Kavugho alinifuata na mbegu za maharagwe ndani ya kitambaa. Kumbe alizificha tangu mwaka jana, akingoja. Tulilima mpaka jua likawa kali. Sisemi kwamba moyo umepona. Kila nilipopiga jembe uliuma.

Waache wakae, Mama. Mwambie yule baba kwamba bati la jikoni limetoboka upande wa migomba, mvua ya kutoka ziwani inaingilia pale. Apande azibe kabla maji hayajaozesha mbao. Shamba la juu alianze mapema, na mfereji auchimbe upande wa kaburi la Baba, usiguse kaburi. Bibi mzee alale chumba cha nyuma, hakiingii upepo. Kurudi, naomba kila asubuhi. Nikirudi niwakute bado wapo, tutabanana.

Msalimie Baba mdogo anayepiga kengele ya kanisa, shangazi yangu wa Kanyabayonga akipita sokoni, na yule mama wa ubatizo wa mtoto wangu mkubwa. Dada Masika, asante kwa macho yako. Mama Kyakimwa anaondoka kesho na barua hii.

Na wale walio nyumbani kwangu, Mama, uwaulize majina yao, wadogo kwa wakubwa, Masika aniandikie yote. Nataka kuwaombea, na sijui nianze na nani.

Mtoto wako wa kwanza,
Paluku