Wajdi Amenijibia

Jumapili, 9 Novemba
Mgongo umeninyima usingizi tena. Daktari amezungumza na Wajdi, mwanangu wa mwisho, kwenye korido ya nyumbani, mlango umefungwa. Akarudi anatabasamu. "Ni mshipa tu, Mama. Jumanne watakupiga picha ya MRI, basi." Mshipa! Nimefundisha kemia hapa hapa Misri, katika mji huu wa Tanta, mpaka nikastaafu, na huyu ananificha ugonjwa wangu mwenyewe. Kwetu mgonjwa ndiye wa mwisho kuambiwa.

Jumatatu, 10 Novemba
Hospitali wamepiga simu na maswali ya maandalizi. Simu ni yangu, masikio ninayo — Wajdi akaichukua. Betri ya moyo? Hana. Upasuaji? Hajafanyiwa. Chuma chochote mwilini? "Hana. Meno ya bandia tu, tutayavua." Nikamwambia wangeniuliza mimi. "Usijichoshe, mama yangu." Kana kwamba mimi ni sanduku, na yeye ndiye aliyelifunga.

Chuma kipo. Au shaba, sina hakika. Kitanzi cha kuzuia mimba, nilichowekewa Kairo kwa siri baada ya kumzaa Wajdi, na hakijatolewa hadi leo. Mume wangu, Mungu amrehemu, alitaka watoto zaidi. Ili nishike mimba, mama yake alininywesha maji yaliyosomewa na kila shehe, akanirukisha chetezo cha ubani, akiniita shamba lililochoka. Nikanywa. Nikaruka. Kisha nikawahi darasani.

Sijutii. Lakini jambo hili halijawahi kunitoka mdomoni, na sitaki kuzikwa nalo. Na nikinyamaza kesho, sumaku ya mashine yao itakikuta kitanzi.

Jumanne, 11 Novemba
Hospitalini. Wamechukua pete, meno, pini za mtandio. Shahinaz, mke wa Wajdi, alikuwa amenibandika shanga ya buluu chini ya nguo kuzuia husuda — kwa pini ya chuma. Fundi wa mashine, binti aitwaye Nermin, akaiona nilipobadili nguo. "Hajati, unataka mashine ikuvue yenyewe?" Makka sijafika, ila hapa kila kikongwe ni Hajati.

Akanieleza akinitazama mimi: nitalala kimya nusu saa, itagonga kama watu wanabomoa ukuta, nikizidiwa nibonyeze kitufe. Halafu akarudia yale maswali.

"Nilishajibu kwenye simu," akasema Wajdi.

"Sijakuuliza wewe, bwana."

Nikampenda.

"Wajdi, toka nje."

"Nikuache peke yako? Mimi si mwanao?"

"Haya, baki usikie." Nikasema yote. Kitanzi, Kairo, sababu.

Nermin akasimamisha kazi, akaenda kumuuliza daktari kama naweza kuingia nacho au kitolewe kwanza. Naandika kwa penseli yake. Kalamu yangu iko kabatini na vyuma vingine. Wajdi amekaa ubavuni mwangu, kashika ile shanga. Akaniuliza: "Miaka yote ile Bibi anakutukana, Mama, wewe kimya tu?"

Nikamwambia nitamjibu. Kwanza yeye: daktari alisema nini kule koridoni?

Anafungua pini ya shanga. Anaifunga. Nermin huyo anarudi, na Wajdi bado —