Kapteni Husoma Matokeo Mwenyewe

Dada yangu Modesta,

Jumatatu iliyopita nilikuwa shuleni kwetu, kwenye mstari wa asubuhi. Walimu wameniomba niandike kitu cha kubandika ubaoni kwa ajili ya juma la kusoma, na kwa kuwa kazi yangu ni habari, nilikwenda kutazama kwanza. Kapteni wa netiboli alitoka mbele na karatasi, akasoma kwamba wamefungwa magoli kumi na tisa kwa kumi na moja. Hakumung'unya namba hata moja. Nikamuuliza mwalimu aliyesimama kando yangu kwa nini habari mbaya apewe mtoto aisome. "Hapa kapteni husoma matokeo mwenyewe," akanijibu. "Ndivyo tulivyokuta."

Hajui ilianzia wapi. Mimi najua. Kwa hiyo watabandika barua hii, nawe utavumilia kusomwa na watu.

Ulikuwa darasa la tano, mimi la nne. Mwandiko wako ulikuwa mzuri kuliko wangu, maana ulinakili ubaoni kama mtu anayechora, na kwa miaka minne hakuna mwalimu aliyegundua kwamba hukuweza kusoma ulichokichora. Enzi zile kapteni alisoma ushindi tu. Tukifungwa, mwalimu wa michezo alisoma yeye, harakaharaka. Mimi nilishika daftari la magoli na kuandika habari. Jumapili baada ya Misa ulifua jezi kwenye jiwe la ziwani, nami nikakusomea. "Tena, Deo," ulisema. Mara mbili zilitosha. Jumatatu ulishika karatasi ukatamka kila neno.

Kisha wakaja wasichana wa Sengerema. Nilihesabu kumi na nane kwa kumi na saba, tukashangilia, wageni wakawahi kivuko. Jumatatu asubuhi mwalimu wa michezo alilinganisha daftari langu na la mwamuzi, akakuta goli moja nimeliandika mara mbili. Kosa lilikuwa langu, dada. Akasahihisha karatasi kwa wino mwekundu kuwa sare, akakupa palepale mbele ya shule nzima. Ukatangaza ushindi.

Sista Priska, mwalimu mkuu, hakupaza sauti. "Modesta, soma kilichoandikwa, si unachokijua."

Ukaitazama karatasi. Hukuinua macho mpaka kengele ya kipindi cha kwanza ilipolia. Nilikuwa hatua kama kumi kutoka kwako na sikusema kitu.

Sista alikuvua kitambaa cha ukapteni ofisini. "Kitakuwa mezani kwangu," alisema. "Siku utakayonisomea ukurasa ambao hujawahi kuuona, utakichukua." Jioni mama akasema kama shule imekushinda, kuna dagaa wa kuanika. Hakuwa akitania. Mtaani kwetu wasichana wawili wa rika lako walishaacha. Nawe ulimjibu ukiendelea kuosha vyombo: "Haijanishinda, mama. Bado hatujacheza."

Ukaenda kukaa na darasa la pili kila kipindi cha kusoma. Magoti yako hayakuingia chini ya dawati, ukakaa ubavu. Wale wadogo hawakukuhurumia.

"Shikamoo, kapteni."

"Marahaba. Sogea."

"Umerudi kutumalizia uji?"

"Uji nakuachia. Nionyeshe hii inasomekaje."

Ulikichukua kitambaa muhula uliofuata. Sikuwepo ofisini, lakini nilikuona ukitoka umekifunga mkononi, ukipita mbele ya madarasa yote, hata yale yasiyokuwa njiani.

Mechi ya kwanza baada ya hapo ilikuwa na Misungwi, nyumbani kwetu. Tulikuwa nyuma kwa goli moja, wewe ndiye mfungaji, mpira mkononi, na mwamuzi anaitazama saa yake. Ukarusha, mpira ukagonga pete, ukashukia kwenye mawe. Usiku sikulala vizuri kwa ajili ya sentensi moja. Niliifuta mara mbili, mwishowe nikaiacha: "Dakika ya mwisho mfungaji wetu, Modesta, alikosa goli la kusawazisha." Jumapili nilitaka kukusomea, ukanikatalia.

Jumatatu mwalimu wa michezo alinyoosha mkono kuchukua karatasi, maana tumefungwa. Ukasema, "Naomba nisome mimi, Mwalimu." Uliweka kidole chini ya mstari na kwenda nacho neno kwa neno. Ulipofika kwenye jina lako, kidole kilisimama. Mtu anayejua kusoma anajua pia kuruka, na kama ungeruka asingejua mtu ila mimi. Ukasoma jina lako, ukasoma "alikosa", ukamaliza mpaka nukta. Tangu siku hiyo hakuna mwalimu aliyenyoosha mkono tena.

Uliponipita kurudi mstarini ulininong'oneza, "Ungeandika alikosa kidogo."

Nimeandika mengi tangu hapo: chaguzi, ajali, bei ya pamba. Nilipokosea nimesahihisha hadharani, na wahariri wamedhani ni tabia niliyofundishwa chuoni. Mwaka jana nilisoma wasifu wako kanisani. Niliuandika mwenyewe. Nilipofika kwenye mstari wenye jina lako na siku uliyofariki, macho yaliruka kwenda mstari wa chini. Nikayarudisha. Nikaweka kidole chini ya jina lako, nikasoma.

Jumatatu ile, mstari ulipotawanyika, nilimfuata kapteni mdogo nikamwambia kanuni anayoishika ina mwenyewe, nikamtajia jina lako na mechi ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, karatasi bado mkononi.

"Kwa hiyo alikosa sana?" akaniuliza.

"Kidogo," nikasema.

Lihesabu neno hilo kuwa sahihisho, dada, hata kama limechelewa.

Kwaheri, kapteni.

Mdogo wako,
Deo