Paka wangu aliyeko Nangwa

Rogathe, uko wapi? Soma hii sasa hivi.

Unamkumbuka yule paka wangu wa kijivu ambaye hakukoroma hata siku moja? Nilimbembeleza, nikampa maziwa, kimya. Ndipo wifi Paskalina akaniambia, "Wifi, paka asiyekoroma hajakupenda. Nipe mimi, akanikamatie panya ghalani." Nikampa! Kwa mikono yangu!

Leo nimefika kwake Nangwa. Paka amelala mapajani pake, kimya vilevile. Nikacheka, nikamwambia, "Kumbe hata wewe hakupendi."

Akashika kidole changu, akakiweka kooni kwa paka.

Rogathe, koo linatetemeka! Linatetemeka kama simu iliyozimwa mlio! Kumbe anakoroma siku zote, ila hujui mpaka umguse kooni.

Nikamuuliza, "Ulijua lini?" Hata aibu hana. "Tangu akiwa kwako, wifi. Ndiyo maana nilimtaka."

Ndiyo maana nilimtaka!!

Nimeaga bila kunywa chai. Paka akanifuata mpaka mlangoni, nikajua tunaondoka wote. Paskalina akamwita mara moja tu.

Akarudi.