Mama Neema, Msuko wa Mwisho Sijauchovya

Mama Neema,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, na kama hupendi njoo uniondoe mwenyewe. Wiki tatu sasa tangu tukuzike. Saluni iko wazi. Televisheni iko ukutani. Nakwambia hayo mawili kwanza kwa sababu yote mawili yalitaka kutuponyoka.

Uliondoka ukaniachia neno mimi peke yangu, na hilo bado sijakusamehe. Siku ile hospitalini uliponishika mkono ukasema, "Zuhura, mutoto asikuye. Acheze," yaani Neema asije kukuzika, hapakuwa na mtu mwingine chumbani, hata nesi. Neema alikuwa kambini na timu ya taifa ya wanawake ya Finlandi, nchi aliyokwenda na mdogo wako akiwa na miaka sita, wakati karatasi zao za ukimbizi zilipokubaliwa na zako zikakataliwa. Mechi yake ya kwanza kwenye mashindano ya Ulaya ilikuwa imekaribia. Ulijua unakwenda, ukamchagulia mpira. Mimi nikaitikia tu sawa mama, nikidhani ni homa inayosema.

Basi kwenye matanga akasimama Papa Fiston, shemeji yako, mbele ya kanisa lote. Akasema binti asiyekuja kumzika mama yake kwa ajili ya mpira, tena mpira wa wanawake, amejitafutia laana. Akasema umekufa kama mtu asiyezaa. Watu wakaguna. Na mimi? Nilikuwa kimya kama maji mtungini. Nilijiambia, mimi Mtanga, Mwislamu, fundi mdogo wa saluni, nisimame kwenye matanga ya Wakongo niwaeleze habari za mtoto wao? Nikaendelea kugawa chai. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Kisha akaamuru televisheni ya saluni isiwashwe mpaka matanga yaondolewe, siku arobaini. Mila ni mila, sikatai, hata kwetu nyumba yenye msiba haipigi muziki. Lakini Jumamosi ya wiki ileile nilimwona kwa macho yangu, kwenye baa ya mtaa wa jirani, Troyeville, glasi mkononi, anashangilia mechi ya wanaume mpaka shingo imemvimba. Eish, Mama Neema! Kumbe matanga ni ya mpira wa wanawake tu.

Siku ya pili yake Neema akapiga simu. Analia. Huyohuyo Papa Fiston, baba yake mdogo, alimwambia ulikata roho ukimwita, na yeye alishaanza kufunga begi, aiache timu, aje alilie kaburi. Hapo ndipo hasira iliponipanda. Nikamwambia neno lako vilevile ulivyolisema, kwa Kiswahili chako cha Bukavu. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwapia, wallahi. Akafungua begi akarudisha nguo kabatini, nilisikia milango ya kabati.

Siku ya mechi nikafungua saluni mapema. Akaja jirani yetu muuza mboga hapa mtaani kwetu Bertrams, akaja yule dada mlinzi wa Hillbrow na yunifomu yake. Na unajua nani alikaa kitini? Mama Fiston! Mke wa Papa Fiston mwenyewe! Akataka rasta za bluu na nyeupe, rangi za Finlandi. Nilicheka peke yangu, nikakumbuka ulivyonunua bluu na njano ukatusuka saluni nzima rangi za Uswidi, na Neema kwenye simu akicheka hadi anakohoa, "Mama, hao ni majirani zetu!" Ulikataa kufumua. Ulisema majirani nao ni watoto wa watu.

Sheria yako nikaifuata. Siku ya mechi msuko mmoja wa mwisho hauchovywi kwenye maji ya moto ya kufunga ncha isifumuke mpaka filimbi ya mwisho ilie, na asiyetaka atafute saluni nyingine.

Wakati wa mapumziko akaingia Papa Fiston na bisibisi, amekuja kuing'oa televisheni. Mkewe hata hakugeuka. "Papa Fiston, kichwa changu hakijaisha." Bisibisi ikabaki mkononi. Atamtoaje mke barabarani, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama wima? Na mimi nikaona ni sasa. Nikalisema neno lako mbele ya wote. Chanuo likanianguka, lakini nililisema mpaka mwisho. Akaniita mwongo. Nikamwambia niite utakavyo, televisheni haishuki.

Dakika za mwisho mtoto wako akaingia uwanjani. Mistari miwili tu kichwani, imerudi nyuma, kama ulivyomsuka siku alipopanda ndege. Nilikulilia hapo, sikufichi. Nilikutaka hapa. Walikuwa nyuma bao moja. Neema akapiga shuti likagonga mwamba, na aliyepiga kelele kuliko sisi wote alikuwa Papa Fiston, "Mutoto yetu!", bisibisi juu. Kisha akajikumbuka, akatoka bila kuaga. Bisibisi aliiacha. Iko kwenye droo yako. Akija kuitaka atakuta televisheni inawaka.

Tulifungwa, ndiyo. Moja bila. Tulifungwa tukiwa tumesimama.

Filimbi ilipolia nikaleta maji ya moto, Mama Fiston akauzuia mkono wangu. Huo wa mwisho uache, alisema. Jumapili akaenda nao kanisani, unafumuka karibu na sikio, akakaa mstari wa mbele ubavuni mwa mumewe. Kila aliyemuuliza una nini kichwani, alimwambia: ni neno la Mama Neema, alisema mtoto acheze.

Kwa hiyo lala, mama yangu, wala usiangalie nyuma. Kiti chako ninacho mimi na mkono wangu umepona woga. Siku ya kuondoa matanga sitagawa chai. Nitasimama palepale niliponyamaza, niliseme neno lako mbele ya kanisa lote, na yule aliyesema hukuzaa atanisikia nikikuita kwa jina lako.

Mama Neema.

Fundi wako,
Zuhura