Wameigawa Programu Kwenye Matanga Yako

Kaka Otmari,

Nina hasira na wewe, na kwa kuwa safari hii huwezi kunikatisha, utanisikiliza mpaka mwisho.

Siku ya kumaliza matanga yako wamegawa vitu. Mashati alipewa mdogo wako, redio akachukua mjomba, na kompyuta "pamoja na vyote vilivyomo" akakabidhiwa baba yako mkubwa, Mzee Hyginus, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo. Nikanyoosha mkono. Nikasema, wazee wangu, shikamooni, kompyuta ni ya marehemu, hilo halina ubishi, lakini programu iliyomo si yake peke yake, ni ya watu wote. Wakanitazama kama mtu aliyeonja pombe ya msiba kabla haijagawiwa. Shangazi yako akauliza, na hata waliokuwa jikoni walimsikia: "Kwani huyu mama ni nani yake?"

Nikakaa chini. Ningejibu nini? Karani mwenzako wa chama cha kahawa? Kwenye ukoo wenu kuna jina la mtu uliyekaa naye miaka mkibishana neno "ankara" litafaa au halitafaa kwenye tafsiri ya programu?

Programu yenyewe ni huria, kila mtu ana ruhusa kuibadili na kuigawa; ilitufikia bure, imetengenezwa na watu wa Ulaya kwa biashara za kwao. Ilijua kodi za kwao na vipimo vya kwao. Debe haikulijua. Haikujua kwamba mkulima anapeleka kahawa leo, anapewa malipo ya kwanza, kisha anasubiri ya pili mpaka kahawa iuzwe mnadani. Na majina! Nusu ya Mbinga ni akina Komba na akina Ndunguru, na wote wamebatizwa Yosefu. Programu ilipoona Yosefu Komba wawili ikawafanya mtu mmoja, na wazee wawili wazima karibu wapigane ghalani. Ndipo ukasema tuongeze mahali pa kuandika ntambo, yaani mteremko wa mlima ambao familia ya mtu inalima, kwa sababu hapa ndivyo tunavyojuana. Mtu mmoja wa Brazili, ambako nako wanalima kahawa, akakuonyesha namna ya kufanya. Yule Mmalawi wa ng'ambo ya ziwa akaichukua, pale penye ntambo akaweka kijiji na chifu wake, akakurudishia na shukrani. Ulicheka siku hiyo! Intaneti ya parokia ilikuwa inapita kwenye waya wa simu, Padre akija anataka kupiga simu unainua kiganja: "Padre, bado kidogo, Brazili wanaingia." Na Padre wa watu anasubiri.

Halafu ukanipeleka Liuli, kwa akina mama wa kikundi cha kuuza usipa, dagaa wa ziwani. Tukawawekea mafungu na ndoo badala ya katoni, kila kitu kwa Kiswahili. Mwenyekiti wao, Mama Hyasinta, akabonyeza, akasoma, akaguna. "Mashine hii imebatizwa wapi? Mbona inaongea kama sisi?" Kwenye gari la kurudi ulirudia maneno hayo mpaka nikakuambia unyamaze.

Basi sikia yaliyofuata. Matanga hayajapoa akaja mfanyabiashara mmoja wa mjini, shati limenyooshwa, rambirambi zimechelewa. Akamwachia Mzee Hyginus baiskeli mpya, akaondoka na kompyuta. Akaipaka programu rangi yake na nembo yake, akazunguka kwenye vikundi akitangaza kwamba ni mali ya ukoo wa marehemu, yeye ameinunua kihalali, na anayeitumia bila kumlipa kila mwaka ni mwizi. Mwizi! Kazi ambayo sisi na watu wa nchi ngapi tulijitolea, jioni kwa jioni! Lakini siku hizi mtu akisikia neno huria anafikiria soko huria, aliye na gari ndiye anayechota.

Nikasema Liuli hawatatishika. Kweli, yule bwana hakuwatisha. Uliwatisha wewe. Mama Hyasinta aliniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, mali ya marehemu haiguswi mpaka ukoo wake uiachie. Tusije tukamsumbua huko aliko." Wakasali sala ya marehemu, wakaifuta programu kwenye kompyuta yao. Kwa heshima, Otmari. Wamekufuta kwa heshima! Nilipofika, hesabu za usipa zilikuwa zinaandikwa kwa chaki ukutani, na mama wawili walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya ndoo moja. Nikamnyooshea Mama Hyasinta CD yenye nakala ya programu, akaficha mikono ndani ya kanga. Nililia pale pale, na isidhaniwe kuwa nilikuwa nakulilia. Nililia kwa hasira.

Kwa sababu wewe ndiye uliyetufikisha hapo. Brazili uliwaandikia barua ndefu kwamba kazi hii haina mwenyewe. Malawi uliwaeleza. Hata Padre ulimweleza, maskini, alikuwa anataka simu yake tu. Lakini kwenye sengu yenu, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja na kuamua mambo, ulikaa miaka yote hiyo ukatowea ugali, ukanawa, ukaondoka. Nilikuuliza mara kadhaa kama wanajua unachofanya. "Hawatanielewa, dada." Ulijaribu lini? Ulijuaje?

Msimu wa kahawa ulipofunguliwa, Mzee Hyginus alikuja kwangu mwenyewe, kwa baiskeli ile ile. Shikamoo baba. Marahaba. Akakaa, akavua kofia, akaizungusha mikononi. Chama chake cha kahawa nacho kilikuwa kimeambiwa kilipe. "Kumbe nimeuza na ya kwangu," akasema. Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikamwambia, baba, ujuzi wa kuchimba mashimo ya ngolo tunayolimia milimani, nani ana hati yake? Bibi alimwonyesha binti, binti akamwonyesha mkwe, na kila mmoja analima shamba lake. Ukimuuzia mtu jembe la marehemu, umemuuzia na ngolo? Mzee aliivaa kofia, akaivua tena. Halafu akaniuliza: "Kwa nini Otmari hakuniambia hivyo?"

Haya, mjibu.

Jumapili iliyofuata nilimpeleka Liuli. Watu walipotoka kanisani alisimama mbele ya akina mama wale, nami nikangoja alitaje jina lako. Akakohoa, akasema: "Mimi, mkubwa wa ukoo, nimewaruhusu. Tumieni." Basi. Vigelegele, makofi, akafungiwa samaki wawili wakubwa, mbasa, kwenye mfuko. Wewe hukutajwa. Mmalawi hakutajwa, wala Brazili, wala mimi niliyesimama pembeni na CD mkononi. Nilifungua mdomo niseme kwamba haikuwa yake kuruhusu. Mama Hyasinta akanigeukia, akaipokea CD kwa mikono yote miwili, na mdomo nikaufunga. Mpaka leo meno yananiuma.

Kwa hiyo kitu ambacho hakikuwa cha mtu sasa ni cha wote kwa hisani ya mzee aliyekiuza. Na kinafanya kazi. Wenzao wa kijiji cha Mbaha nao wamekiomba. Yule bwana wa mjini bado anauza cha kwake chenye nembo, na wapo wanaomlipa. Mmalawi ameandika kuuliza nani atashika upande wa Kiswahili. Nimemjibu, mimi.

Lala, kaka. Kaburi lako limepaliliwa, mdogo wako hana neno. Nakuahidi sitaiacha kazi hii, lakini sitaifanya kama wewe. Jumamosi nakwenda Kingerikiti kwa mama yangu. Nitakaa naye jikoni nimweleze kwa lugha ya nyumbani, nirudie, nirudie tena, mpaka yeye aweze kumweleza jirani yake. Wewe umeliliwa na watu wa nchi ambazo ukoo wako hauwezi hata kuzitaja, na siku tunakuzika, nyumbani kwenu hakukuwa na hata mmoja aliyejua ulikuwa unafanya kazi gani.

Ni mimi,
Gaudensia